Mkimruhusu mtoto njiti, mpeni na dawa yake: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Mombasa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa wakurugenzi wa hospitali zote zenye wodi ya watoto wachanga, za umma na za binafsi,
Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfamasia, duka langu liko Kisauni. Siku nyingi kazi yangu ni ile ile: vidonge vya presha, dawa za sukari, za malaria, za kikohozi cha watoto. Mtu anauliza bei, anaondoka, anarudi jioni na nusu ya pesa. Kilichonifanya niwaandikie hadharani ni karatasi za aina moja zinazonijia dirishani. Ni karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, amelazwa wiki kadhaa, sasa anaenda nyumbani. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, pameandikwa kafeini, dawa ya kumsaidia mtoto asisahau kupumua, kiasi chake, mara moja kwa siku, aendelee nyumbani. Dawa yenyewe mzazi hana. Ametumwa akaitafute.

Mimi sina. Wenzangu wa Bombolulu na Kongowea hawana. Ukivuka kwenda mjini, Mwembe Tayari utaambiwa "jaribu kwa fulani", na kwa fulani utaambiwa hivyo hivyo. Duka la mtaani haliweki dawa hii kwa sababu wanaoihitaji ni wachache na karibu wote wako wodini, au wangepaswa kuwa wodini. Ombi langu kwenu ni hili: ama mtoto abaki hospitalini hadi aache dawa na aonekane anapumua vizuri bila ya dawa, ama akitoka nayo, atoke nayo kweli, chupa mkononi, kipimo mkononi, tarehe ya kuacha imeandikwa, na namba ya simu ya kupigwa hata saa nane za usiku. Kumtoa na karatasi tupu ni kumtoa katikati ya matibabu.

Nieleze kidogo kwa wasomaji wasio watu wa hospitali. Mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 ya ujauzito, sehemu ya ubongo wake inayoamrisha pumzi haijakomaa. Anapumua, anapumua, halafu anasahau. Wauguzi wenyewe ndivyo wanavyosema: "Huyu anasahau kupumua." Pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au hata kwa muda mfupi kuliko huo lakini mapigo ya moyo yakashuka na mtoto akabadilika rangi, hiyo ndiyo apnia ya watoto njiti. Waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 huipata karibu wote. Muuguzi akiona hivyo humgusa nyayo au humsugua mgongo, na mara nyingi mtoto hukumbuka. Kafeini humwamsha kwa ndani. Huzuia adenosini, kemikali ya mwili inayoutuliza ubongo, basi kituo cha pumzi kinakuwa macho na misuli ya kuvutia hewa inafanya kazi kwa nguvu zaidi.

Madaktari wameitumia kwa watoto hawa tangu miaka ya 1970. Utafiti mkubwa uliokata shauri ulitoa majibu yake 2006 na 2007: watoto 2,006 waliozaliwa na uzito wa gramu 500 hadi 1,250, wengine wakipewa kafeini, wengine kitu kisicho dawa. Waliopata ugonjwa sugu wa mapafu walikuwa asilimia 36 upande wa kafeini, na asilimia 47 upande wa pili. Walipofuatiliwa hadi miezi 18 na zaidi, wenye mtindio wa ubongo walikuwa asilimia 4.4 dhidi ya 7.3. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto, na mwongozo wake wa 2022 kuhusu watoto njiti unaipendekeza. Nayasema haya asije mtu akadhani naipinga dawa. Ni katika dawa chache za watoto wachanga ambazo ubora wake umethibitishwa hivi.

Taabu iko kwenye jinsi inavyotoka mwilini. Mimi na wewe tukinywa kahawa, nusu ya kafeini yake huwa imeondoka baada ya saa tano hivi. Kwa mtoto njiti, ini halijajifunza kuichakata, na nusu hiyo huchukua takriban siku 4. Tazameni maana yake nyumbani. Mama amekosa dawa Jumatatu. Jumatatu hiyo mtoto hana neno. Jumanne ananyonya, Jumatano analala vizuri, na nyumba nzima inasema Alhamdulillahi, kumbe hata hakuihitaji. Dawa iliyobaki mwilini ndiyo inayomshikilia. Akija kusahau kupumua mwishoni mwa wiki, hakuna atakayekumbuka dozi iliyokosekana Jumatatu, na pengine mama ameshapanda gari kwenda kwao Garsen.

Kwa sababu hiyo hiyo wodi inayojali utaratibu huacha dawa, mara nyingi mtoto akifika umri wa wiki 33 hadi 35 tangu mimba ilipoanza kuhesabiwa, kisha humtazama kwa siku 5 hadi 7 zaidi kabla ya kumruhusu. Siku hizo mzazi huziona kama za kupotezewa wakati, hasa bili inapopanda. Wanaozielewa ni wachache kwa sababu hawakuambiwa.

Jibu nitakalopewa nalijua: vitanda. Wodi zimejaa, watoto wawili wanalazwa sehemu ya mmoja, na wengine wanaletwa kutoka Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Ni kweli, wala siwalaumu wauguzi kwa hilo. Lakini wazo la kumtoa mtoto mapema kwa kumpa kafeini ya nyumbani limeshapimwa, na halikuleta walichokitaka waliolipima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025 uliwachukua watoto 827 waliozaliwa kati ya wiki ya 29 na ya 33. Nusu waliendelea na kafeini hadi siku 28 baada ya kutoka hospitalini, nusu wakapewa kitu kisicho dawa. Siku za kulazwa hazikupungua: 18 kwa waliopewa kafeini, 16.5 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Na hapa pana jambo la kuzingatia. Waliopewa kafeini kweli waliacha kukatika pumzi mapema. Ila walikuwa bado hawajaweza kunyonya shibe yao yote wenyewe, na kafeini haimfundishi mtoto kunyonya.

Kwa hiyo mkitaka vitanda, wekeni nguvu kwenye maziwa. Mama akae karibu na mwanawe badala ya kulala kwenye benchi la nje, afundishwe kukamua, afungwe mtoto kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, tangu siku za mwanzo kama mwongozo wa 2022 unavyotaka. Kiti cha mama cha kuegemea, na mtu wa kumfundisha kunyonyesha, vitafungua vitanda vingi kuliko kafeini iliyoandikwa kwa haraka siku ya kuondoka.

Sisemi asiwepo hata mtoto mmoja wa kutoka na dawa. Daktari wa watoto anaweza kuwa na sababu nzuri: mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, nyumba iko karibu, wazazi wamefundishwa, ila pumzi bado inataka kusaidiwa kidogo. Sawa. Basi ifanywe kama matibabu.

Sasa niwaonyeshe inavyofanywa. Alikuja bibi mmoja wa Mtopanga, ameshika ampuli, kichupa cha kioo cha dawa ya sindano, iliyofunguliwa, imezibwa mdomo kwa plasta na kuviringishwa ndani ya pembe ya leso. Alipewa siku ya kutoka, akaambiwa amtilie mtoto kidogo kila siku na ikiisha wanunue nyingine. Akanipa na sirinji ya mililita 5.

"Mwanangu, niangalizie. Hapa ni mstari upi?"

Kipimo cha mjukuu wake kilikuwa chini ya mililita 1. Kwenye sirinji ya mililita 5 hiyo ni nafasi ndogo pale chini, na bibi mwenye macho ya umri wake hawezi kuisoma, hata mimi nilibidi niinyanyue kwenye mwanga. Ampuli yenyewe haina kihifadhi. Ikishafunguliwa, kinachobaki hutupwa. Haiwekwi kwenye friji ya jirani kando ya samaki, sembuse kwenye leso.

Kisha nikaisoma karatasi. "Kafeini 18 mg." Ipi? Kuna namna mbili za kuipima dawa hii, na zinatofautiana mara mbili. Miligramu 20 za kafeini sitreti, yaani kafeini iliyochanganywa na asidi ya sitriki, ni sawa na miligramu 10 za kafeini yenyewe. Dozi ya kuendelea huwa miligramu 5 hadi 10 za sitreti kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa gramu 1,800, kwa miligramu 10 kwa kilo, anapata miligramu 18 za sitreti, yaani mililita 0.9 ya dawa yenye miligramu 20 kwa kila mililita. Lakini lebo ikiandikwa kwa kafeini yenyewe, itasema miligramu 10 kwa mililita, na mtu mwangalifu kabisa, mwenye kalamu na karatasi, atapiga hesabu yake apate mililita 1.8. Amempa mtoto mara mbili, na hesabu yake haina kosa hata moja. Moyo utakwenda mbio, mtoto atatetemeka, atatapika, hatalala, hataongezeka uzito. Kilichokosekana kwenye karatasi ile ni neno moja tu, sitreti.

Namba ya simu ya wodi haikuwapo. Nilimwita kijana wa tuktuk amrudishe bibi hospitalini, na kabla hajapanda akaniuliza swali ambalo limenikaa rohoni: "Kwani hii si kahawa tu? Nikimchovyea kidole kwenye kahawa ya dele, haitafaa?"

Msimcheke. Katika mji huu ambapo kahawa chungu inapita maskani kila jioni, umemwambia bibi mjukuu wake anatibiwa kwa kitu cha kwenye kahawa, hukumpa dawa, hukumweleza kitu, halafu ukatarajia afikiri nini? Nilimwambia haifai hata tone. Hakuna ajuaye kikombe kina kafeini kiasi gani, kuna tangawizi ndani yake, kuna maji yasiyojulikana yalichemka vipi, na utumbo wa mtoto njiti unaweza kuharibika vibaya kwa kitu kisicho maziwa ya mama. Aliyekuwa na wajibu wa kumwambia hayo ni mtu wa wodini, siku mbili kabla ya kuondoka, tena kwa utulivu.

Mtoto wa kutoka na kafeini anahitaji nini, basi? Dawa ya kunywa itolewe na famasi ya hospitali yenyewe, ya kumtosha hadi tarehe ya kliniki yake na siku chache za akiba. Shirika la Afya Duniani linaitaja ya kunywa waziwazi kwenye orodha yake, kwa hiyo hakuna haja ya kugawa ampuli za sindano. Pamoja nayo ziwe sirinji za mililita 1, na kwenye moja mstari wa dozi uwekwe kwa kalamu ya wino usiofutika. Lebo iwe ya Kiswahili, itaje miligramu za sitreti na mililita, zote mbili. Mama ampe mtoto dozi kwa mkono wake mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa, zaidi ya mara moja. Iandikwe pia afanye nini mtoto akitapika baada ya dozi, na kama kipimo kitabadilika kadiri anavyoongezeka uzito au kitaachwa kilivyo, mtoto akue hadi kiwe kidogo kwake. Madaktari wanatofautiana hapa. Mimi sitaki kuamua kwa niaba yao kutoka nyuma ya kaunta, nataka nikute wameamua.

Halafu kuna lile ambalo watu huliogopa hata kulisema: mtoto akikatika pumzi nyumbani, mama afanye nini. Afundishwe wodini, kwa vitendo: kumgusa nyayo, kumsugua mgongo, kumwekea kichwa sawa, na asipojibu, kumpulizia mdomo na pua kwa pamoja huku mwingine akitafuta gari. Na lisisitizwe moja. Mtoto aliyekuwa ametulia akianza upya kusahau kupumua, asiongezewe dawa nyumbani. Arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa mtoto mchanga hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi kwenye damu, au damu yenyewe kupungua. Kafeini ya ziada itachelewesha tu watu kugundua.

Kwa wenzetu wenye uwezo, wapo wanaokabidhiwa mashine ya kengele ya kumvisha mtoto usiku, ilie pumzi ikikatika. Sitaki kuwauzia wazo hilo. Stima yetu mnaijua, na mashine za nyumbani hazijathibitishwa kuzuia vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Mtoto alazwe chali, mahali pagumu kidogo, pasipo mito, na mchana akae kifuani kwa mama. Hilo halitaki umeme.

Umbali nao uhesabiwe. Mtoto wa Tudor au Changamwe akibadilika usiku, bodaboda itapatikana. Wa Mtongwe atategemea feri. Wa Lunga Lunga ana safari ndefu, na wa Faza ana bahari. Kwa mtoto wa Faza mimi ningesema abaki hadi aache dawa na siku zake za kutazamwa ziishe, hata kama daktari wa Mombasa anaona hali yake ni sawasawa na ya yule wa Tudor. Mzazi naye apewe pa kulala, maana hilo ndilo humfanya aombe kutoka kabla ya wakati.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wapewe taarifa siku mtoto anapotoka. Wengi wao hawajawahi kuisikia kafeini ikitajwa kama dawa, na wakiiona watamwambia mama aitupe. Kliniki ya chanjo pia ijue, kwa sababu watoto waliozaliwa wadogo sana wanaweza kukatika pumzi siku moja au mbili baada ya chanjo. Si sababu ya kuacha chanjo, ila muuguzi apate habari ili atoe ushauri unaofaa.

Pesa nitaisema kwa ufupi. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya bima ya zamani Oktoba 2024, kulazwa kunalipwa kwa mfuko mmoja na zahanati kwa mfuko mwingine. Dawa ya mtoto aliyetoka wodini, ambayo zahanati haina, inaishia mfukoni mwa baba. Ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya kulazwa, itolewe kabla ya karatasi kupigwa muhuri. Kwa mtoto mmoja ni mililita chache tu kwa wiki. Mtoto huyo huyo akirudi mahututi atalala tena wiki nyingi, na kitanda mlichotaka kukiokoa kitakuwa chake.

Mheshimiwa Waziri, ninachokuomba ni waraka mmoja kwa hospitali zote za kaunti: hakuna karatasi ya kuruhusiwa yenye neno kafeini itakayotoka bila dawa, sirinji, tarehe ya kuacha na namba ya simu. Wakurugenzi, nanyi hamhitaji kusubiri waraka. Famasi zenu ziko chini yenu. Nimetayarisha mfano wa kadi ya Kiswahili, upande mmoja dozi, upande wa pili dalili za hatari. Nitaileta ofisini kwa yeyote atakayeitaka, bila malipo, na madaktari wenu wa watoto waisahihishe wapendavyo.

Na nyinyi wa Kamati ya Afya, bajeti ya dawa itakapoletwa mbele yenu, ulizeni kafeini ya kunywa imeagizwa chupa ngapi mwaka huu, na katika hizo ni ngapi zilizotoka mlangoni pamoja na mtoto. Majibu yawekwe hadharani, kama nilivyoiweka barua hii.

Wenu katika kazi,

Mfamasia wa Kisauni, Mombasa